Kisiwani, serikali ipewe nguvu ya kufunga kisima cha mtu kabla maji hayajaingia chumvi?

#1 Mlinda Chanzo
Wakuu, salaam.

Jambo hili limenikaa rohoni muda mrefu, leo naliweka jamvini. Msimamo wangu: katika kisiwa chochote kinachotegemea maji ya ardhini, serikali ipewe nguvu ya kisheria ya kufunga kisima cha mtu binafsi siku ileile chumvi inapovuka kiwango, bila kusubiri kesi iishe. Na ipewe nguvu ya kuzuia ujenzi juu ya eneo linalopokea mvua ya kujaza visima, hata kama kiwanja kina hati.

Barani kisima kikiharibika unachimba kingine, au unavuta bomba kutoka mtoni. Kisiwani wote tunachota kwenye chombo kimoja, na kikitoboka kimetoboka kwa wote.

Nimeishi kwenye kisiwa kidogo ambako nyumba moja ya wageni iliweka pampu kubwa. Haikupita miezi mingi, visima sita vya majirani vikaanza kutoa maji ya chumvi. Tukapeleka malalamiko ofisi husika. Jibu likawa kwamba hakuna kifungu cha kumzuia mtu kutumia maji yaliyo chini ya ardhi yake. Kesi inatajwa mara ya tatu, sisi tulishaanza kunywa maji ya madumu yanayoletwa kwa boti.

Nani anapinga, na kwa hoja gani?

#2 Kona ya Jamvi
Navuta kiti. Uzi huu utakuwa mrefu.

#3 Wakili wa Visiwani
Napinga, mkuu, ingawa machungu yako nayaelewa.

Unampa ofisa mmoja ufunguo wa kufunga maji ya familia bila kusikilizwa. Nani atapima hiyo chumvi? Kwa kipimo gani? Akipima wakati mbaya, au akiwa na ugomvi na mwenye kisima, nani atamrudisha nyuma? Na ukizuia ujenzi kwenye kiwanja chenye hati umechukua mali ya mtu. Fidia iko wapi kwenye maelezo yako? Sijaiona.

Sipingi serikali kuwa na nguvu. Napinga nguvu isiyo na mlango wa kukatia rufaa.

#4 Fundi Visima
Nimechimba visima miaka kumi na saba, vya mkono na vya mashine. Niruhusuni nieleze kilicho chini, maana naona sheria imetangulia maji.

Kisiwa cha matumbawe au mchanga kinapenywa na bahari pande zote. Mvua ikinyesha inazama mpaka inakutana na hayo maji ya bahari ndani ya mwamba. Maji matamu ni mepesi, kwa hiyo yanaelea juu ya maji chumvi. Fikirieni jahazi lenye shehena: kinachoonekana juu ya maji ni kidogo, tumbo lote liko chini. Kwa kila sentimita moja ya maji matamu iliyosimama juu ya usawa wa bahari, ziko kama sentimita 40 chini yake. Yakisimama nusu mita juu, una mita 20 hivi chini. Wataalamu wanaliita umbo hilo lenzi.

Sasa geuza hesabu. Pampu ikishusha maji sentimita 10 na ikaendelea hivyo kila siku, chumvi ya chini inaelekea kupanda mita 4. Wala haipandi sawasawa kisiwa kizima. Inapanda kama kichuguu, moja kwa moja chini ya mdomo wa pampu. Ndiyo maana kisima kirefu kisiwani ni kosa. Mteja anakuja: "Fundi, nichimbie mita 30 nipate maji mengi." Namjibu kuwa hapo ananiomba nimchimbie bahari.

Kinachofaa ni kuchota juujuu na mahali pengi: visima vifupi vyenye pampu ndogo, au mabomba yenye matundu yaliyolazwa chini ya usawa wa maji, yanayokusanya taratibu. Kama kuna nguvu ya kuipa serikali, iipate hiyo ya kuamua kina cha kisima na ukubwa wa pampu KABLA ya kuchimba. Kufunga baadaye ni kuchelewa, kichuguu kikishapanda hakishuki kwa amri.

#5 Tabaka la Pili
Fundi kasema vizuri. Niongeze kidogo na nirekebishe kidogo.

Hiyo kanuni ya 1 kwa 40 inaitwa ya Ghyben na Herzberg, Mholanzi na Mjerumani walioifikia kila mmoja kwa njia yake kati ya mwisho wa karne ya 19 na 1901. Msingi wake ni uzito: lita ya maji matamu ina kilo 1, ya bahari kilo 1.025.

Marekebisho: kanuni inachukulia kwamba kati ya maji matamu na maji chumvi kuna mstari safi. Hakuna. Kuna tabaka la mchanganyiko, na kwenye visiwa vyembamba tabaka hilo linaweza kula sehemu kubwa ya lenzi. Kwa hiyo zile mita 20 si zote za kunywa.

Na haihitajiki bahari nyingi kuharibu. Shirika la Afya Duniani linataja miligramu 250 za kloridi (sehemu kuu ya chumvi) kwa lita kuwa kiwango ambacho mtu huanza kuonja chumvi. Maji ya bahari yana karibu 19,000. Asilimia moja na nusu ya bahari ikiingia kisimani, ulimi umeshajua.

#6 Mzee wa Dau
Vijana mnasema mvua, mvua. Sisi tuliambiwa na waliotutangulia kwamba maji ya visima vya kisiwani yanatoka bara, yanapita chini ya bahari kwenye mishipa ya mwamba. Tulipata ukame wa miaka mitatu, kisima cha shule hakikukauka hata siku moja. Hiyo mvua iliyokijaza ilinyesha wapi?

#7 Tabaka la Pili
Shikamoo mzee wangu. Hoja yako ina wenzake mbali sana na hapa. Kwenye kisiwa cha Jersey, karibu na pwani ya Ufaransa, wapo watafuta maji kwa vijiti walioshikilia kwamba maji ya chini yanatoka Ufaransa kupitia mishipa ya chini ya bahari. Wanajiolojia wa Uingereza wakapima na kusema ni mvua iliyonyesha palepale kisiwani. Ubishi huo ulikuwa na uzito wa kisheria, kwa sababu maji yakiwa yanatoka ng'ambo hayana mwisho, na kama hayana mwisho hakuna haja ya leseni. Mwishowe Jersey walipitisha sheria ya rasilimali za maji mwaka 2007. Wenye visima vidogo wanajisajili, wachotaji wakubwa wanaomba leseni.

Kuhusu kisima kutokauka: kinaelea juu ya bahari, na bahari haiishi. Kisima cha kisiwa cha namna hiyo hakikauki, kinaingia chumvi. Ndiyo hatari yake: ukichungulia unaona maji yako palepale, unadhani uko salama.

#8 Mzee wa Dau
Marahaba. Kisima cha shule kiliingia chumvi mwaka wa nne, hilo sikulitaja. Ila bado sijakubali yote.

#9 Kona ya Jamvi
Mzee kajifungia goli mwenyewe na bado anadai mpira. Tunakupenda mzee wetu, endelea kutuandikia.

#10 Ramani Mkononi
Wakili ameuliza fidia iko wapi. Mimi nauliza kwa nini tunaanza na kufunga wakati kuna mfano wa kupanga.

Barbados. Sehemu kubwa ya kisiwa imefunikwa na chokaa ya matumbawe, na maji ya kunywa kwa kiasi kikubwa yanatoka ardhini. Mwaka 1963, kabla hata hawajapata uhuru, waligawa kisiwa kizima katika kanda tano kulingana na muda ambao uchafu ungechukua kusafiri chini ya ardhi mpaka kwenye visima vya umma. Kanda ya kwanza ilikuwa pale ambapo safari hiyo ni siku 300 au pungufu. Humo kimsingi hukuruhusiwa kujenga nyumba mpya. Kanda ya pili ilifika siku 600, uliruhusiwa kujenga lakini kwa masharti ya choo na maji taka. Kadiri ulivyosogea mbali masharti yalilegea.

Kinachonigusa ni kwamba mpaka ulichorwa kwa mwendo wa maji. Haukuchorwa kwa mipaka ya viwanja wala kwa nani anamjua nani. Mwenye kiwanja anaweza kuoneshwa kwenye ramani: maji yakiondoka hapa kwako, ndani ya muda fulani yatakuwa kwenye glasi ya mtoto wa mwenzako.

#11 Wakili wa Visiwani
Ramani, hapo nakubali nusu. Barbados walianza mapema. Ukichora kanda leo kwenye kisiwa kilichojaa nyumba, kanda ya kwanza ni mtaa mzima wa watu, na wengi wao hawana pa kwenda. Ukiwazuia wasiongeze hata chumba kwa miaka hamsini umewaadhibu kwa kuzaliwa juu ya maji mazuri.

Vanuatu wana sheria ya mwaka 2002 inayoruhusu kutangaza kanda za kulinda maji, na wenye ardhi ni sehemu ya mazungumzo. Mazungumzo yanachelewesha, najua. Lakini kanda iliyotangazwa bila wenye ardhi italindwa na nani usiku?

#12 Mwana wa Bahari Kuu
Swali la Wakili kuhusu usiku lina jibu, na linauma. Someni habari za Tarawa Kusini, nchini Kiribati.

Hapo serikali ilikuwa na nguvu hizo anazozitaka Mlinda Chanzo. Maeneo ya Bonriki na Buota yalitangazwa kuwa hifadhi za maji, wenye ardhi wakawa wanalipwa kodi ya pango, pampu na mabomba ya kulaza kama ya Fundi yakawekwa. Kwenye karatasi, kila kitu kipo. Lakini watu wa Tarawa Kusini wakaongezeka sana, ardhi ni ukanda mwembamba kati ya bahari na wangwa, na wenye ardhi wakaona kodi wanayolipwa hailingani na walichokiacha. Wakarudi hifadhini: makazi, bustani, uchimbaji wa kokoto, makaburi. Wengine waliharibu vifaa. Serikali ikabaki na sheria mkononi na familia mbele yake, na kila waziri aliyefikiria kuondoa watu kwa nguvu alijua hao ni ndugu na wapiga kura.

Sisemi sheria haifai. Nasema kule tatizo halikuwa upungufu wa kifungu.

#13 Bibi Shamba
Nimesoma #12 nikanyamaza kidogo. Sisi shamba letu liliingizwa kwenye hifadhi ya chanzo, kisiwa sikitaji. Walikuja, wakapiga picha, wakaweka mawe ya mipaka, wakamwambia baba asilime wala asifuge. Fidia ikaja mara moja, ndogo, baada ya miaka. Baba hakugoma, alikuwa mtu anayeheshimu maji. Lakini upande wa pili wa jiwe la mpaka, mita kama mia hivi, mtu mwenye uwezo akapewa kibali cha kujenga na kuchimba kisima cha bustani yake.

Tangu siku hiyo hakuna mtu kijijini aliyeheshimu mawe yale. Baba alikaa kimya, ila aliacha kuwafukuza watoto wa watu waliokuwa wakiingiza mbuzi.

Nguvu naiunga mkono. Lakini ianzie kwa mwenye pampu kubwa.

#14 Mlinda Chanzo
Pole sana Bibi Shamba. Umeniongezea sharti ambalo sikuliandika: rejesta ya vibali ibandikwe hadharani, kila mtu aone nani amepewa kuchota kiasi gani.

#15 Sista wa Zahanati
Mnazungumzia chumvi tu. Chumvi unaionja, inajitangaza yenyewe. Mimi ninachokiona kazini hakionjwi.

Kwenye visiwa vya mchanga maji yako mita moja au mbili chini ya miguu. Shimo la choo linachimbwa mpaka linagusa maji, halafu kisima kiko hatua chache tu kutoka hapo, maana viwanja ni vidogo. Uchafu hausafiri siku 300 kama Barbados, unafika baada ya muda mfupi tu. Malé, mji mkuu wa Maldivi, ulipata mlipuko wa kipindupindu mwaka 1978 wakati watu wakitumia visima vya majumbani. Kisiwa ni kidogo mno, watu ni wengi, lenzi yao ikaharibika kwa chumvi na kwa vinyesi kwa pamoja, mpaka wakahamia kwenye maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi.

Ningepewa kutunga kifungu kimoja, kingekuwa cha vyoo na makaro ya maji taka. Unaweza kufunga pampu zote kubwa na bado nikapokea watoto wanaoharisha.

#16 Upepo wa Kusi
Naona wote mnakwepa ukweli: shida ni hali ya hewa. El Niño ikija, visiwa vya matumbawe vya Pasifiki vyote vinakauka, watu hawana kosa. Sheria haileti mvua.

#17 Mwana wa Bahari Kuu
Upepo, hapo umechanganya. Si vyote, wala si El Niño kila mahali. Kiribati upande wa Tarawa na Tuvalu hukauka wakati wa La Niña, ile hali iliyo kinyume cha El Niño. Tuvalu walitangaza hali ya hatari Septemba 2011, na mwaka huo ulikuwa wa La Niña. Mitambo ya kuondoa chumvi ililetwa haraka kutoka Australia na New Zealand. Visiwa vya Marshall ndivyo hukaukiwa baada ya El Niño, kama walivyotangaza dharura mwanzoni mwa 2016.

Tofauti hiyo ina kazi. Ukijua kisiwa chako kinakaukiwa na lipi, unapata miezi ya onyo. Hapo ndipo nguvu ya serikali ingekuwa na maana: kupunguza uchotaji kabla ukame haujafika, wakati lenzi bado nene.

#18 Upepo wa Kusi
Nimekosoleka, asante. Lakini bado kina cha bahari kinapanda na mawimbi yanavuka kisiwa. Kisiwa cha Pukapuka, katika Visiwa vya Cook, kimbunga cha 2005 kilimwaga bahari juu ya ardhi na lenzi ikachukua karibu mwaka kupona. Kisima gani kilikosea hapo?

#19 Fundi Visima
Hakikukosea. Lakini lenzi nene hupona, na lenzi iliyonyonywa mpaka ikawa ngozi tu haina cha kuponea. Mnasema mambo mawili kama yanashindana, wakati lenzi inayapata yote kwa pamoja.

#20 Mitambo
Miaka yote hii bado tunalumbana kuhusu visima? Mitambo ya kuondoa chumvi ipo, inatumia kama kilowati-saa 3 hadi 4 kwa mita moja ya ujazo. Weka mtambo, acha watu na visima vyao. Malta haina mto wala ziwa la kudumu na wanaishi.

#21 Ramani Mkononi
Malta wana mitambo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, kweli. Na maji yao ya ardhini yamechotwa kupita kiasi na visima binafsi, yakajaa naitreti ya mbolea kutoka mashambani. Mtambo uliwapa maji, lakini haukuwapa sababu ya kuacha kuchota.

Tena kumbuka Malé, Desemba 2014. Moto ulizuka kwenye kituo cha maji, na watu zaidi ya laki moja wakakosa maji ya bomba siku kadhaa. India na China zikaleta maji kwa ndege na meli. Kisiwa ambacho lenzi yake imekufa hakina pa kurudi mtambo ukizima.

#22 Mkinga Mvua
Mmesahau paa. Bermuda sheria inamlazimisha kila mjenzi akinge mvua: nyumba iwe na tangi lake, na sehemu kubwa ya paa, asilimia 80, iwe ya kukusanyia maji. Kanuni hizo ni za 1951, na desturi ni ya zamani zaidi ya hapo. Mapaa ni meupe, ya mawe ya chokaa yenye ngazingazi, kwa kazi hiyo.

Hii nayo ni nguvu ya serikali, wala haimfungii mtu kisima. Inamlazimisha kuongeza maji badala ya kumkataza kuchota. Nadhani ndiyo nguvu ambayo watu huipokea bila kinyongo.

#23 Sista wa Zahanati
Naunga mkono, mradi tangi lifunikwe. Mbu.

#24 Wakili wa Visiwani
Nilisema nguvu bila rufaa inaniogopesha. Leo nimekuja na Hawaii, jimbo la visiwa la Marekani, maana imenifanya nisogee kidogo kutoka #3, na pia imenizuia kusogea kabisa.

Mwaka 1978 Hawaii waliandika kwenye katiba yao kwamba serikali ina wajibu wa kulinda maji kwa manufaa ya watu wote, na mwaka 1987 ikaja sheria ya maji na tume ya kuyasimamia. Maji si ya mwenye ardhi. Serikali ni mdhamini, kama mtu aliyeachiwa mali ya yatima. Mahakama yao ya juu, kwenye kesi ya Waiāhole mwaka 2000, ilisema mdhamini huyo hawezi kukaa kusubiri ushahidi kamili wakati maji yanaharibika.

Sasa sikilizeni. Kisiwa cha Oahu kilikuwa na matangi makubwa ya mafuta ya Jeshi la Wanamaji la Marekani mahali panapoitwa Red Hill, yaliyojengwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mita kama 30 tu juu ya tabaka la maji ya kunywa. Novemba 2021 mafuta yaliingia kwenye maji yaliyokuwa yakitumiwa na watu kama 93,000. Mamlaka ya maji ya Honolulu ikazima kisima chake kikubwa cha jirani isije ikavuta mafuta. Idara ya afya ya jimbo ikatoa amri ya dharura ya kuondoa mafuta. Jeshi likapinga mwanzoni, kisha Machi 2022 wizara ya ulinzi ikatangaza kuyafunga matangi. Hapo Mlinda Chanzo ana haki: bila amri ya haraka, watu wangekuwa bado mahakamani.

Lakini geuza ukurasa. Agosti 2023 moto uliteketeza Lahaina, kisiwa cha Maui. Eneo hilo lilikuwa limetangazwa mwaka mmoja tu nyuma kuwa la usimamizi maalumu wa maji, baada ya miaka mingi ya wenyeji kudai. Baada ya moto, kwa nguvu za dharura, sehemu za sheria ya maji zikasimamishwa kwa muda, na ofisa mkuu wa masuala ya maji akahamishwa, kisha akarudishwa. Kwa hiyo nguvu ya haraka inayofunga pampu ndiyo nguvu ya haraka inayoweza kufungua pampu. Mkiiweka kwenye sheria, wekeni pia nani haruhusiwi kuisimamisha.

#25 Mlinda Chanzo
Wakili msomi, hili la mwisho sikulifikiria kabisa. Asante.

#26 Mwanafunzi wa Madrasa
Wakili anazungumzia 1978 kama kitu kipya. Kanuni za Kiosmani zilizokusanywa karne ya 19, Mejelle, zinakipa kisima harimu yake: dhiraa arobaini kila upande, mwingine haruhusiwi kuchimba ndani yake. Na hadithi inasema watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Mwenye kisima alikuwa na haki, lakini haki yenye mzunguko wa kupimika, na jirani alijua unaishia wapi.

#27 Tabaka la Pili
Arobaini tena! Ya Fundi inashuka chini, yako inaenda pembeni. Kwenye mwamba wa matumbawe wenye mapango, dhiraa arobaini haitoshi kwa pampu ya umeme, lakini wazo la kukipa kisima mzunguko wake kisheria nalipenda sana.

#28 Mchanga Mweupe
Nirudi kwenye kisa cha #1, maana kimeachwa njiani. Mlinda Chanzo, una uhakika ni pampu ya nyumba ya wageni? Kwetu visima viliingia chumvi na wote tukamlaumu mtu mmoja. Baadaye ikabainika kwamba upande wa pili walikuwa wamechimba mfereji wa kupitishia boti na kuondoa mchanga mwingi ufukweni. Ukisogeza bahari ndani umeipunguza lenzi upana, na visima vya karibu vinapata chumvi hata bila pampu. Yule mtu tuliyemlaumu alishahama.

#29 Mlinda Chanzo
Mfereji ulichimbwa, ndiyo. Mwaka uleule. Sikuuhusisha.

Lakini visima vilivyoharibika ni vile vilivyokuwa karibu na pampu. Viwili vya upande wa mfereji vilibaki vitamu.

#30 Upepo wa Kusi
Na mvua mwaka huo?

#31 Mlinda Chanzo
Kidogo.

#32 Fundi Visima
Basi una washukiwa watatu na hakuna aliyepimwa. Mlijuaje kiwango cha chumvi? Mlikuwa na mashine?

#33 Mlinda Chanzo
Ulimi.

#34 Fundi Visima
Kaka, hapo ndipo kesi yenu ilipofia, si kwenye kifungu. Kile kipimo kidogo cha kushika mkononi kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme si kitu kikubwa. Visiwa vingi vya Pasifiki huchukua 2,500 kwa kipimo hicho kuwa ukomo wa maji ya kunywa. Bahari inasoma kama 50,000. Pima visima vyote vinane pamoja na cha nyumba ya wageni, juu na chini ya kila kisima, pampu ikiwa imezimwa na ikiwa inafanya kazi. Kama ni kichuguu cha pampu, chini ya kisima patasoma namba kubwa sana, nayo itashuka taratibu pampu ikipumzishwa. Kama ni mfereji, kupumzisha pampu hakutabadilisha kitu.

#35 Mlinda Chanzo
Rafiki yangu anafundisha sayansi sekondari, wana kipimo hicho maabara. Nitakiazima nirudi kule mwisho wa mwezi. Nitaleta namba hapa, za visima vyote.

#36 Mzee wa Dau
Ukiandika namba, andika na saa, na kama maji yanajaa au yanapwa. Visima vya kisiwani hupumua na bahari. Na usipime siku za bamvua peke yake, maji yanapojaa na kupwa sana, rudi tena maji yakiwa mafu. La sivyo watakuja kukuambia ulichagua siku.

#37 Wakili wa Visiwani
Na uwe na shahidi wa upande wa nyumba ya wageni unapopima. Asaini kila ukurasa.